Kuinua wayo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa mashine ya kusisimua misuli

Mashine ninayoieleza ni ndogo, hutumia betri ya volti 9 na haichomekwi ukutani. Nalitanguliza hilo kwa sababu mzazi wa Mombasa akiambiwa mwanawe atawekewa stima mguuni, fikira zake hukimbilia kwenye nguzo ya umeme. Humfaa mtoto anayeburura vidole au kuchuchumia anapotembea. Hitilafu iko kwenye ubongo, ilhali neva, yaani mshipa wa fahamu, inayotoka uti wa mgongo hadi misuli ya mbele ya mguu ni nzima, na ndiyo maana umeme mdogo ukipitishwa juu yake wayo huinuka. Daktari Liberson na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1961 kwa watu waliopooza upande mmoja, wakitumia swichi iliyowekwa chini ya kisigino.

Hatua ya 1: Mpime mtoto

Asiwekewe mtoto mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini, wala mwenye kidonda mahali pa kubandika vibandiko, yaani vipande vya kunata vinavyopitisha umeme kwenye ngozi. Kisha mlaze chali, goti likiwa limenyooka, uusukume wayo juu polepole kwa mkono. Usipofika nyuzi 90 na mguu, kano ya kisigino imefupika, na mashine haitairefusha. Anza kwa kunyoosha au kwa kuufunga mguu plasta ngumu.

Hatua ya 2: Safisha ngozi

Watoto wetu hupakwa mafuta ya nazi asubuhi, na wakishavuka feri ya Likoni juani hufika na mguu uliochanganya mafuta na jasho. Uoshe kwa sabuni, uufute, usubiri ukauke kabisa. Mimi nililipuuza hili siku moja: kona ya kibandiko ikabanduka katikati ya zoezi, umeme wote ukapitia sehemu ndogo iliyobaki, ukamchoma mtoto kama sindano, na kwa wiki tatu alikuwa akilia kila alipoliona begi la mashine.

Hatua ya 3: Bandika

Papasa upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mpaka kidole kigote kinundu cha mfupa. Neva huzunguka hapo, karibu sana na ngozi. Kibandiko cha kwanza kikae chini tu ya kinundu, cha pili kwenye nyama ya msuli kando ya muundi.

Hatua ya 4: Pandisha umeme

Weka hezi 30 hadi 40, yaani mipigo ya umeme kwa sekunde, na mikrosekunde 200 hadi 300, yaani urefu wa kila mpigo. Umeme upande taratibu, kwa sekunde 1 au 2, kwani ukija kwa kishindo misuli ya shavu la mguu hushtuka, ikakakamaa na kuuvuta wayo chini, yaani kinyume cha tunachokitaka. Anza na sifuri, na mtoto akiweza, mwache abonyeze kitufe mwenyewe. Kwanza atahisi mnyeo, kisha vidole vitacheza. Sitaji miliampea, yaani kipimo cha ukali wa umeme, kwa kuwa kiasi kinachomtosha mmoja humliza mwingine. Utazame wayo. Ukiinuka huku ukipinduka sana nje, sogeza kibandiko cha juu mbele kidogo, kuelekea muundi. Ukipinduka ndani, kirudishe nyuma.

Hatua ya 5: Atembee

Akiisha kuzoea akiwa ameketi, mvalishe raba za kufunga kwa kamba, kwani kandambili hazishikilii swichi ya kisigino. Kisigino kikinyanyuka umeme huwaka, kikikanyaga huzima. Siku za mwanzo dakika 10 zinatosha, na zisiwe badala ya mazoezi ya kawaida, kwa sababu wayo ulioinuliwa na mashine huelekea kurudia hali yake mashine ikivuliwa, mtoto asipojizoeza kuunyanyua mwenyewe.

Ukimaliza, bandua polepole na ukague ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, hivyo hisi joto kwa mgongo wa kiganja na upapase kama kuna vipele. Joto lililobaki hadi kesho yake linamaanisha mguu upumzishwe na vibandiko vibadilishwe.