Jinsi ya kujua kama Steam Deck yako itahimili mashine mpya

Oya mwana, kabla hujaiuza Steam Deck yako, hiyo kompyuta ya gemu ya kushika mkononi, eti kuna mpya inakuja, usianze na spidi ya prosesa, anza na chaji. 1989 Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, ilitoka na skrini isiyo na rangi, betri 4 zinadumu masaa kibao, Game Gear ya Sega ikaja na rangi kali lakini inakula betri 6 zinakata ndani ya masaa machache tu, na Game Boy ndo ikashinda. Kisha cheki gemu ulizokwisha nunua zitafunguka kwenye hiyo mpya au la, hapa usikimbilie kabisa. ROG Ally ya 2023, mpinzani wa Deck, skrini yake ni 1080p, Deck ni 800p (namba kubwa, picha kali zaidi), ila kwa inchi 7 mi sioni tofauti ya kunitoa hela. Halafu kwenye Deck yako bonyeza pawa katikati ya gemu, ilale, iwashe: ikiendelea palepale, kaa nayo.