Anza na spika iliyopasuka: njia yangu ya kuisikiliza hevi metali

Mpwa wangu alirudi likizo kutoka chuo cha Kilifi akanikuta kibandani, karibu na soko la zamani hapa Malindi, nikilehemu waya za redio ya mvuvi iliyoingia maji ya chumvi. Akasimama mlangoni kitambo, kisha akauliza, "Mjomba, hii hevi metali yako nianzie wapi? Nimejaribu mara mbili, nasikia kelele tu."

Nikamwambia aketi. Niliyomwambia siku ile juu ya muziki huu mzito wa magitaa ya umeme nimeyaandika hapa, maana vijana wengine wawili watatu wamenijia na swali lilo hilo. Orodha wanazozikuta kwingine zina bendi hamsini, zote zaitwa kubwa, na mtu hajui ashike ipi.

Mimi nasema bendi nne zatosha kukupa msingi: Black Sabbath, Deep Purple, Judas Priest na Motörhead. Waliobaki ni wazazi wao au watoto wao. Na kila bendi uisikilize kwa kitu kimoja kwanza. Anayetaka kusikia vyote kwa mpigo ndiye anayeishia kusikia kelele.

Tuanze na chombo. Spika ya simu haifai. Ni ndogo kama sarafu, haina nguvu ya kusukuma hewa itoe besi, yaani sauti nzito ya chini, na muziki huu umesimama juu ya besi. Utasikia mkwaruzo wa juu bila mwili wake, na hicho ndicho mpwa wangu alichokuwa akikisikia. Tafuta hedfoni za kufunika sikio lote, hata za bei rahisi, au redio kaseti ya zamani yenye spika pana ambazo karatasi zake bado nzima. Mimi husikiliza usiku baada ya isha, bodaboda zikishapungua. Nyumba yetu iko karibu na msikiti, kwa hiyo sifungulii sauti kubwa, na adhana ikianza nazima. Kwa hedfoni huna ugomvi na jirani yeyote.

Kabla ya bendi yoyote, ujue mkwaruzo ni nini, kwa sababu ndio udongo ambao muziki huu umefinyangwa nao. Mwaka 1964 kule London, Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks, alichukua amplifaya yake ndogo, yaani kikuza sauti, akaichana karatasi ya spika kwa wembe. Kisha akaiunganisha na amplifaya kubwa zaidi, na sauti iliyotoka ndiyo inayosikika katika "You Really Got Me". Sikiliza kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudi na kurudi. Wenyewe wanakiita rifu. Hevi metali yote imejengwa kwa rifu, kama nyumba ya mawe ilivyojengwa kwa matumbawe.

Sikutaka mpwa wangu aniamini kwa maneno. Nilichukua spika ya redio iliyokufa, nikaiunganisha, nikaweka kanda ya Zein l'Abdin, yule bingwa wa udi, ala ya nyuzi ya taarabu, mzaliwa wa Lamu. Udi ukatoka safi, kila uzi na pumzi yake. Nikashika wembe nikaichana karatasi mara tatu, kutoka katikati kuelekea ukingoni, nikarudisha kanda pale pale. Sasa kila mguso wa uzi ulikuja na manyoya, ukinguruma kama nyuki ndani ya debe. Karatasi nzima husogea mbele na nyuma kwa pamoja. Ikichanika, kila kipande hutikisika kivyake, na sauti huota makali ambayo mpigaji hakuyapiga. Amplifaya iliyozidishiwa nguvu nayo hufanya jambo linalofanana: vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na noti ambayo ingekufa mapema huendelea kuvuma. Mpwa wangu akaruka kitini: "Ndiyo hii, mjomba!" Spika mbovu moja yatosha kwa somo hili, na usimchanie mtu spika nzima. Zein nilimrudisha kwenye spika yake njema jioni ile ile.

Sasa Black Sabbath. Hapa kaa muda mrefu, hata wiki mbili.

Walikuwa vijana wanne wa mtaa wa Aston, Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza: Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye gitaa la besi, Bill Ward kwenye ngoma, na Ozzy Osbourne akiimba. Iommi alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Kwa mpiga gitaa huo ni msiba. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono na bado akapiga kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili visiteleze. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye akazilegeza pia, na katika nyimbo kadhaa za albamu ya Master of Reality ya 1971 nyuzi zimeshushwa kwa nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo za sauti. Gitaa likazama chini, likawa zito. Bendi nyingi za metali tangu wakati huo zimelegeza nyuzi kama yeye, na zilizo nyingi wapigaji wake wana vidole vyote kumi.

Mimi ni fundi, mikono ndiyo riziki yangu, na kila nikimsikia Iommi naviangalia vidole vyangu.

Weka wimbo wa kwanza wa albamu yao ya kwanza. Bendi, albamu na wimbo vyote vina jina moja. Ilirekodiwa kwa siku moja tu mwezi wa Oktoba 1969, ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Utasikia mvua, radi na kengele ya mbali kwa nusu dakika hivi. Usiruke. Kisha zinakuja noti tatu: moja ya chini, kisha hiyo hiyo kwa juu, kisha ya tatu iliyokaa katikati kabisa ya hizo mbili. Hiyo ya tatu haitulii. Inaning'inia kama mtu aliyesimama mlangoni asiingie wala asiondoke. Ifuate hiyo noti tu, kila inaporudi. Sikio lililolelewa na taarabu lina faida hapa, kwa kuwa limezoea kuusubiri udi uzunguke weee kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wimbo unakwenda polepole sana, halafu karibu na mwisho unashika mbio ghafla. Katika wimbo huo mmoja umeonyeshwa uzito na mbio pamoja, na hizo ndizo njia mbili ambazo metali yote imepita baadaye.

Ukitoka hapo nenda Paranoid, ya mwaka huo huo wa 1970. Anza na "War Pigs".

Hapa niseme jambo la nyumbani. Dada yangu, mama wa huyu mpwa, aliliona jalada la kanda akaja kwangu na uso mzito: "Kaka, unamfundisha mtoto mambo ya shetani?" Sikumcheka, kwa sababu mama ana haki ya kuuliza. Nilikaa naye nikamfasiria maneno. "War Pigs" inawalaumu wakubwa wanaokaa mezani kupanga vita, kisha wanawapeleka watoto wa maskini wakafe. Katika Master of Reality mna wimbo uitwao "After Forever" unaowauliza watu kama wameifikiria roho yao na Mungu wao. Wapo wengine waliokuja baadaye wakamtukuza Ibilisi, hao mimi siwachezi kibandani kwangu. Nawe ukiwa na mzazi mwenye wasiwasi, mfasirie maneno ya wimbo mstari kwa mstari. Yatafanya kazi kuliko mabishano.

Deep Purple ni wa kusikiliza kwa kinanda. Jon Lord alikuwa na kinanda cha Hammond, kile cha makanisani, akakipitisha kwenye amplifaya za Marshall zilizotengenezewa magitaa. Ukisikia kitu kinanguruma pembeni ya gitaa la Ritchie Blackmore usijue ni nini, ndicho hicho. Chukua In Rock ya 1970, kisha Machine Head ya 1972. "Highway Star" ilitoa somo la mbio na la solo, kipande ambacho gitaa hutamba peke yake, iliyopangwa kwa ngazi kama muziki wa Ulaya wa karne zilizopita. Wapiga gitaa wengi wa metali wamekunywa kisimani hapo.

Wengi watakuambia uweke Led Zeppelin pia. Nawapenda sana, lakini msingi wao ni bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. "When the Levee Breaks" ya 1971 ni wimbo wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie wa mwaka 1929. Kilichoingia kwenye metali kutoka kwao, kwa sikio langu, ni ngoma za John Bonham. Katika wimbo huo aliwekwa kwenye ukumbi wenye ngazi wa nyumba ya zamani, maikrofoni zikaning'inizwa juu ngazini, ndiyo maana kila pigo linarudi na mwangwi. Zisikilize hizo ngoma, kisha endelea na safari.

Judas Priest walitoka pande hizo hizo za Birmingham, na kwangu wao ndio walioifanya metali ikawa kabila lake yenyewe. Sabbath bado walikuwa na bluzi mfukoni. Priest waliitoa. Sikiliza magitaa mawili, la Glenn Tipton upande mmoja na la K.K. Downing upande wa pili. Vua hedfoni ya kulia, kisha ivae uvue ya kushoto, utawasikia wakijibizana kama washairi wa kujibizana harusini. Halafu sauti ya Rob Halford inayopanda hadi unadhani itakatika, nayo haikatiki. Fuata mpangilio huu: Sad Wings of Destiny ya 1976, Stained Class ya 1978, British Steel ya 1980. Yale mavazi ya ngozi nyeusi na njumu za chuma unayoyaona kwa kila bendi ya metali, walioyaeneza ni hawa.

Motörhead, bendi iliyoanza London mwaka 1975, isikilize kwa besi. Lemmy Kilmister alipiga besi kama watu wapigavyo gitaa, nyuzi kadhaa kwa mpigo, kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi ikwaruze. Yeye mwenyewe alisema anapiga rokenroli tu. Lakini weka "Overkill" ya 1979 usikie miguu miwili ya Phil Taylor kwenye ngoma kubwa mbili, bila kupumzika. Bila hiyo sioni bendi za mbio za miaka ya themanini zingetokea wapi.

Watoto sasa utawatambua mwenyewe. Iron Maiden: besi ya Steve Harris inakwenda mwendo wa farasi, nami kila mara inanikumbusha ngoma ndogo ya chapuo inavyochokonoa mbele ya ngoma kubwa ya vumi kwenye chakacha. Anza na The Number of the Beast ya 1982, na jina lisikutishe. Metallica: mpiga ngoma wao Lars Ulrich aliwapenda Diamond Head, bendi ya Uingereza, hadi akasafiri kutoka Marekani mwaka 1981 kuwafuata. Kill 'Em All ya 1983 ina mbio za Motörhead na magitaa makavu ya Priest. Ukifika hapo, daftari mkononi, andika kila rifu inakukumbusha nani kati ya wale wanne.

Na usisahau upande wetu. Zambia miaka ya 1970 walikuwa na bendi ya WITCH na wenzao, magitaa yao yana mkwaruzo ule ule wa wembe. Nairobi ilitokea bendi ya Duma, jina lao likiwa na maana ya giza kwa Kikuyu. Albamu yao ya 2020 ni ngumu hasa, iache iwe ya mwisho na upunguze sauti unapoianza.

Mwezi ukiisha, rudi kwenye ule wimbo wa mvua na kengele, kwa hedfoni zile zile. Safari hii iache ile noti ya tatu, umfuate Geezer Butler. Mpwa wangu alifanya hivyo, akanipigia simu usiku kutoka Kilifi, na huko kwao mvua ya kweli ilikuwa ikinyesha. "Mjomba," akasema, "huyu wa besi alikuwa wapi siku zote?"