Kujaza nafasi za karo (vigae) kwa saruji nyeupe, hapa kwetu Goma

Mchanga wetu mweusi wa volkeno unafaa sana kwa zege, lakini kwa saruji nyeupe ni adui. Saruji hii hutengenezwa kwa mawe safi ya chokaa na udongo wa kaolini wenye chuma kidogo mno; chuma ndicho kinachoipa saruji ya kawaida ukijivu wake. Mchanga wa lava umejaa chuma. Ukiuchanganya humo, mwenye nyumba amelipia weupe na kupata kijivu.

1. Karo zikishabandikwa, ziache angalau saa 24. Kwangua saruji iliyopanda katikati, kisha fagia vumbi lote.

2. Kagua vyombo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, tena kabla mfuko haujafunguliwa. Ndoo iwe ya plastiki, isiwe na mabaki ya saruji ya kijivu. Maji yawe safi ya kunyweka. Tumia mwiko wa mpira, kwa sababu chuma huacha mistari myeusi isiyotoka. Vaa glavu: saruji mbichi huunguza ngozi.

3. Nafasi isiyozidi milimita 3 inataka saruji na maji tu. Ikiwa pana zaidi, kwa kila kipimo cha saruji ongeza kimoja cha unga wa marumaru, au mchanga mweupe laini uliooshwa. Ukivikosa vyote, msihi mwenye nyumba asubiri. Tia maji kwanza, mimina saruji polepole ukikoroga, hadi upate uji mzito. Koroga uji utakaoutumia ndani ya nusu saa tu. Ukianza kukaza, usiuongezee maji.

4. Lowesha nafasi kidogo, sukumia uji kwa mshazari mpaka nafasi zishibe.

5. Uso ukianza kukauka, pangusa kwa sponji iliyokamuliwa vizuri. Sponji inayochuruzika hung'oa saruji na kuacha mabaka. Kuanzia kesho yake nyunyizia maji siku 3, mstari wa saruji usipasuke.

Mlangoni na barazani, ambako viatu huleta vumbi la lava kutwa, mimi siwashauri watu weupe mtupu. Ongeza rangi ya unga ya oksidi ya chuma, isizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji. Changanya vyote vikiwa vikavu, vya sakafu nzima kwa mara moja, maana mchanganyiko wa pili haulingani na wa kwanza.