Simama upande gani: kupiga picha ndege na mandhari ya ghuba ya Bukavu

Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole, na kati ya vidole hivyo kuna ghuba ndogo zenye maji matulivu. Wengi wanaoanza kupiga picha hapa huuliza kwanza wanunue lenzi gani. Ulizeni kwanza jua liko wapi na upepo unatoka wapi.

Tuanze na jua. Mji uko kusini mwa ziwa, kwa hiyo ukitazama maji mara nyingi unatazama kaskazini. Bukavu iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi jua la mchana hupita kusini, yaani mgongoni kwako, na maji hutoa rangi yake ya kijani. Aprili hadi Septemba jua hupita kaskazini, mbele ya lenzi, na ziwa zima humetameta kama bati jipya. Tena Juni hadi Agosti hewa hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa; hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia milima iliyofichwa na moshi. Kwa hiyo miezi ya mvua, ambayo watu hufungia kamera kabatini, ndiyo miezi ya mandhari. Asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, panda miteremko ya Kadutu: rasi zote ziko chini yako, na kaskazini unaona mgongo wa kisiwa cha Idjwi.

Hapo juu usitumie lenzi pana. Kwa mm 24 ziwa huwa utepe mwembamba na Idjwi huwa kama ukucha. Tumia mm 70 hadi 200, f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), kamera juu ya tripodi, na uache sekunde mbili kati ya kubonyeza na kupiga ili mtikisiko utulie. Jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi mwaka mzima, likitokea juu ya vilima vya Rwanda, na hupanda wima haraka. Uwe umeshasimama mahali pako saa 11:30, kwani ikipita saa 1:15 ule mwanga laini umekwisha. Jioni ni fupi zaidi, maana milima ya magharibi hulimeza jua kabla halijafika upeo wa macho.

Sasa upepo, na hapa ndipo ndege wanapoingia. Chukua mdiria mweusi na mweupe, yule anayekaa kwenye nguzo na kamba za mitumbwi. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Akitaka samaki huning'inia hewani, mabawa yakipiga na kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini. Anaponing'inia huelekeza mdomo kule upepo unakotoka. Usiku na alfajiri hewa baridi hushuka milimani kwenda ziwani, hivyo ukiwa ufukweni asubuhi mapema mdiria anakutazama usoni. Nchi kavu ikipata joto, upepo hugeuka na kutoka ziwani, na wewe utarudi nyumbani na picha arobaini za mkia. Watu hulaumu kamera bure.

Weka kasi ya shata, yaani pazia la kamera, 1/2000 ya sekunde akining'inia na 1/3200 akizama, f/6.3, ISO ijipange yenyewe lakini isivuke 3200. Tumia fokasi ya kufuatilia na nukta moja ya katikati; ukiacha nukta zote, kamera hushika mawimbi yaliyo nyuma. Anza kupiga mfululizo kichwa kinapoinama, kwa sababu ukingoja aanguke umechelewa. Lenzi ya mm 400 inatosha ukikaa chini bila kutikisika. Ndege huyu ni wa sentimita 25 tu, na ukisimama wima atahamia nguzo nyingine.

Yangeyange na mnandi wana tatizo lingine. Kamera ikiona yangeyange mweupe juu ya maji meusi hudhani kote ni giza, inaongeza mwanga, na manyoya yanaungua yasibaki hata mstari. Punguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu, kagua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia. Kwa mnandi mweusi kwenye anga jeupe fanya kinyume, ongeza theluthi mbili ya stopu.

Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa tayari. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo panga safari yako karibu na mwezi mwandamo. Piga dakika ishirini baada ya jua kuzama, anga lingali buluu: 1/60, f/2.8, ISO 3200, ukiwa nchi kavu. Ukiacha shata wazi sekunde nne, mitumbwi itakuwa michirizi. Usipige flashi usoni mwao. Ukikaribia mwaloni, pale mitumbwi inapotua, salamia kabla ya kuinua kamera: «Jambo papa, naomba ruhusa nipige foto.» Kwa mama anayeanika samaki ni vilevile.

Mpaka wa Rwanda kwenye mto Ruzizi, bandari na askari usivielekezee lenzi hata kwa mbali, maana lenzi ndefu begani huonekana kama silaha. Droni inahitaji kibali chake.

Baada ya mvua kubwa mto Kawa huleta tope na chupa za plastiki hadi ghubani. Ama sogea rasi nyingine, ama zipige hizo chupa kwa makusudi, mdiria akiwa juu yake; picha ya namna hiyo ina thamani kuliko machweo ya mia.

Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, ila yana madini mengi. Tone likikaukia kwenye kioo huacha doa jeupe, na ukilisugua kavu unachora kioo. Lilowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji safi, ngoja kidogo, ndipo upanguse.