Somo: Kutoa metali nzito mwilini wakati figo zenyewe zimechoka

Mimi ni muuguzi wa wodi ya figo, na somo hili nimeliandika kwa sababu ya wagonjwa wanaotufikia wakiwa wamekwisha tundikiwa dripu za "kutoa sumu" bila hata kupimwa kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi.

Tiba yenyewe inaitwa kilesheni, na jina lake lina asili ya neno la Kigiriki la gando la kaa. Ndivyo dawa inavyofanya: inaibana atomu ya risasi au zebaki kama gando, kisha vyote viwili vinasafiri na damu hadi kwenye figo na kutoka na mkojo. Sasa tazama ugumu ulipo. Metali hizo ndizo zinazoharibu figo, na dawa ya kuzitoa inapita humo humo kwenye figo.

Hatua ya 1: Ondoa chanzo. Rangi za zamani, betri zinazoyeyushwa, vumbi la machimbo, krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu. Waliotibiwa hawakutakiwa kurudi kwenye kijiji ambacho udongo wake haujasafishwa, maana mtoto angetolewa risasi wodini na kuilamba tena uani kwao.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kumeza chochote. Risasi hupimwa kwenye damu. Tone la kidole linaweza kudanganya kwa vumbi lililo kwenye ngozi, kwa hiyo jibu likiwa juu, rudia kwa damu ya mshipa. Zebaki ya chumvichumvi, kama ile ya krimu, na aseniki hupimwa kwenye mkojo. Kwa aseniki, acha samaki na vyakula vyote vya baharini siku kadhaa kabla, kwa sababu vina aseniki ya aina nyingine isiyo na madhara, nayo hupandisha jibu.

Kuna kipimo kimoja ukikatae: unapewa kwanza dawa ya kilesheni, halafu mkojo unapimwa. Yeyote akipewa dawa hiyo atakojoa metali kuliko kawaida, hata kama ni mzima kabisa, na hakuna kiwango kinachokubalika cha kulinganisha jibu hilo.

Hatua ya 3: Pima figo. Kreatinini, protini kwenye mkojo, na kiasi cha mkojo kwa siku.

Hatua ya 4: Dawa kulingana na metali. Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linashauri kilesheni risasi ikifika mikrogramu 45 kwa desilita ya damu. Kuanzia 5, chanzo kinatafutwa na kuondolewa. DMSA, dawa mojawapo ya kilesheni, ni kapsuli za kumeza, kwa kawaida siku 19. Dimekaproli, nayo ya kilesheni, ni sindano ya ndani ya msuli, imechanganywa na mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga aseme mapema. Kwa kadimiamu, metali nyingine nzito, hakuna dawa ya kilesheni iliyothibitika.

EDTA, nayo dawa ya kilesheni, naieleza kwa kirefu kidogo. Zipo mbili, na majina yake yamefanana mno. Yenye kalsiamu ndani yake ndiyo ya risasi. Ile ya sodiamu peke yake hunyakua kalsiamu ya damu, na moyo unaweza kusimama. Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu, wawili wao watoto, walikufa kwa kuporomoka kwa kalsiamu baada ya kupewa EDTA. Mimi kichupa nakisoma kwa sauti, neno kwa neno, mwenzangu akisikiliza, ndipo nachoma sindano. Ndugu wa mgonjwa, una haki ya kuomba usomewe.

Hatua ya 5: Figo zikiwa zimeshindwa. EDTA hupunguzwa kulingana na kreatinini, na mkojo ukikauka haitolewi hivi hivi. Hapo dawa na mashine ya kusafisha damu hufanya kazi pamoja. Mashine peke yake hutoa risasi au zebaki kidogo sana, kwa kuwa metali zimeng'ang'ania chembe na protini za damu. Zikishabanwa na dawa, ndipo zinaweza kupita kwenye chujio. Uamuzi huu ni wa bingwa wa figo akishirikiana na bingwa wa sumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo sista. Mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kuna mtu anatuuzia dripu ya EDTA ya "kufufua figo". Tununue?
Marahaba mdogo wangu. Msinunue. Figo iliyojaa makovu haifufuliwi na dripu, na figo za mama haziwezi kuitoa dawa hiyo. Mwelezeni daktari wake kuna nini kwenye hiyo dripu.

Nimepaka krimu miaka minne. Miguu imevimba, mkojo una povu.
Acha leo, dada, na kopo uende nalo hospitali. Zebaki huweza kutoboa chujio la figo hadi protini ikavuja, ndilo hilo povu. Wengi hupata nafuu wakiacha, ingawa huchukua miezi. Kama utahitaji kilesheni, itategemea zebaki iliyo kwenye mkojo wako.

Kapsuli za DMSA za mtoto zinanuka mayai viza. Zimeharibika?
Hapana, ni salfa iliyomo. Akishindwa kumeza, fungua kapsuli, nyunyiza chembe zake kwenye kijiko cha chakula laini, amalize chote.

Mkaa wa dawa hautoshi?
Haunasi metali vizuri.

Mume wangu anatengeneza betri. Alimaliza siku 19, risasi ikashuka, wiki ya tatu imepanda tena. Dawa ilikuwa feki?
Si lazima. Risasi hukaa kwenye mifupa miaka mingi, na damu ikisafishwa mifupa huirudisha humo. Ndiyo maana tunapima tena baada ya wiki chache. Ila niambie, nguo za kazi anavulia wapi? Kama ni nyumbani, wapelekeni na watoto wakapimwe wiki hii.