Kujaza risasi za raifa nyumbani: makosa yanayopasua bunduki

Haya ni kwa wawindaji na walenga shabaha walioko Marekani, ambako sheria inakuruhusu kujaza upya maganda kwa matumizi yako mwenyewe. Ukiwa Kenya au Tanzania, ishia hapa: kutengeneza risasi bila leseni ni jinai.

1. Kopo moja la baruti mezani. Hili ndilo ninalolikazania kuliko yote. H4350 na IMR 4350 zina tarakimu zilezile, lakini ni baruti mbili tofauti, na kipimo cha moja si cha nyingine. Kibaya zaidi ni baruti ya bastola, inayoungua haraka, ikiingia kwenye ganda la .308 (saizi moja ya risasi za raifa): presha hupanda kabla kichwa, yaani ile sehemu inayoruka, hakijaenda popote, na bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Ukimaliza kazi, rudisha baruti iliyobaki kwenye kopo lake saa hiyohiyo. Ukishasahau ni ya aina gani, usiikisie kwa rangi wala umbo la punje. Haifai tena.

2. Kipimo kitoke kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, si kwa jamaa wa mtandaoni. Anza na kiwango cha kuanzia, upande kidogo kidogo. Kushuka chini yake nako ni hatari, hasa kwa baruti zinazoungua polepole. Ukibadili fataki (kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti), kichwa au aina ya ganda, rudi mwanzo. Maganda ya kijeshi ya .308 mara nyingi ni mazito, nafasi ndani ni ndogo, presha inakuwa kubwa.

3. Kagua mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana kila unapoanza. Zima feni.

4. Pima maganda. La .308 lisizidi inchi 2.015, likizidi, kata hadi 2.005. Ganda refu mdomo wake hubanwa na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, likashindwa kukiachia kichwa. Kisha chukua waya, pinda ncha yake, uikwaruze ndani karibu na kitako. Ukihisi mfereji, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili. Lipondeponde kwa koleo usije ukaliokota tena.

5. Fataki ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Vaa miwani ya kinga.

6. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kupachika kichwa. Yapange kwenye kibao, usawa wa baruti ufanane yote. Ganda tupu linatisha kama lililojazwa mara mbili, kwa kuwa fataki peke yake yaweza kukisukuma kichwa kikakwama mtutuni. Risasi inayofuata ndiyo inayopasua mtutu. Ukisikia mlio hafifu, acha kufyatua, toa risasi zote, vua bolti, chungulia mtutu ukianzia nyuma. Isipolia kabisa, elekeza bunduki kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kuifungua.

Simu iwe chumba kingine. Usile mezani hapo, na nawa mikono, maana mabaki ya fataki yana risasi, ile metali yenye sumu.

7. Andika kila boksi: baruti, uzito wake, kichwa, fataki, tarehe. Wenye bunduki za .300 Blackout na .223 wasiweke risasi hizo boksi moja. Ya .300 inaweza kuingia kwenye chemba ya .223, na kichwa chake, chenye upana wa inchi .308, hakipiti kwenye mtutu wa .223, unaopitisha vichwa vya inchi .224.