Kuandika kibao cha duka kwa Cooper Black

Cooper Black ni fonti (mtindo wa herufi) nene, ya mviringo, hata miguu ya herufi zake imevimba. Aliichora Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922 kwa ajili ya matangazo. Miaka ya 1960 na 1970 ikapendwa upya kwenye makasha ya santuri na fulana, ndiyo maana ukiiona unahisi uzamani. Jina la ndege za easyJet limeandikwa kwa fonti hiyohiyo. Kwenye kompyuta yenye Microsoft Office huenda tayari unayo.

Mfano wetu ni kibao cha duka la juisi hapa Ngamiani, Tanga: "Machungwa ya Muheza".

Hatua ya 1: Chagua maneno machache. Mawili matatu yanatosha. Bei na namba ya simu ziandike kwa fonti ya kawaida kama Arial, maana Cooper Black ikiandikwa ndogo inageuka doa.

Hatua ya 2: Anza na herufi kubwa, zinazofuata ziwe ndogo. Utamu wa fonti hii uko kwenye herufi ndogo, na Kiswahili kinaipendeza kwa sababu maneno yetu yamejaa a, e na u. Mteja atakwambia "weka zote kubwa zionekane". Mwonyeshe zote mbili, atachagua mwenyewe. Muuza maziwa ya ng'ombe akija, alama ya juu ya ng' iwe nene na yenye mkia. Ile ya wima ya kompyuta inaonekana kama msumari uliosahaulika.

Hatua ya 3: Sogeza herufi zikaribiane, karibu kugusana. Usizivute kwa upana ili zijaze ubao. Unene unaharibika, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikipita madukani. Tafuta ubao unaolingana na maneno.

Hatua ya 4: Chapisha kwa ukubwa kamili, unganisha karatasi kwa gundi ya utepe, kisha toboa ukingo wa kila herufi kwa sindano. Bandika ubaoni, pigapiga kitambaa chenye unga wa chaki ya rangi inayoonekana ubaoni. Ukibandua, vinukta vimebaki vikikuonyesha njia.

Hatua ya 5: Paka. Hapa usiharakishe. Tundu la "a" na la "e" ni jembamba, rangi ya mafuta ikiwa nyepesi inaliziba. Chora kwanza ukingo wa tundu kwa brashi ndogo, halafu ukingo wa nje, mwisho jaza katikati kwa brashi bapa. Kahawia iliyokolea juu ya krimu, au rangi ya chungwa juu ya nyeupe, zinaipendeza.

Kwa mgahawa, kinyozi, duka la kanga au sherehe, itumie bila wasiwasi. Kwa zahanati na tangazo la msiba, hapana: sura yake ni ya furaha mno.

Rangi ikikauka, vuka barabara usome kibao. "e" ya Muheza ikisomeka kama "o", rudi ulipanue tundu lake.